Siku Taa Zilipovikwa Shela

Siku ile naikumbuka kwa pua kwanza, macho yanafuata baadaye. Mpaka leo, mwanangu, mtu akichoma mfuko wa plastiki hapa uani kwangu, mimi hurudi palepale kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo jeupe, nimefunikwa shela, nimeinamisha uso, na shangazi yangu amenibana ubavuni nisipate hata nafasi ya kujikuna.

Hebu vuta hicho kigoda ukae, Medadi. Gari lako nimeliona. Taa zako mpya nimeziona pia. Zimenipiga machoni nikiwa jikoni nachambua maharage, nikadhani kumekucha mara ya pili. Umeniuliza kwa nini nimetoka na mkasi nikaenda kukata mapambo ya watu, na usoni umenuna, naona. Nitakujibu. Lakini kesho ndiwe utakayembeba binti yangu Adela kumpeleka kanisani, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho. Chai inakuja.

Mimi nilizaliwa Runazi, kule Biharamulo, kwenye mahindi na mihogo ya baba. Baba yako Deo ndiye kaka yangu, tumeachiana ziwa, na kila alichofanya nilikuwapo nikisema kitu. Maana nilikuwa msichana wa kusema, hilo ukilisikia kwa watu usibishe. Nilisema shambani, nilisema kisimani, nilisema hata pale kwaya iliponyamaza kumsubiri mwalimu apige kinanda. Mama alikuwa akiniambia, "Leokadia, huyo atakayekuoa itabidi atafute pamba ya masikio."

Akatokea Simeo, huyuhuyu mume wangu anayekoroma huko ndani. Mhangaza wa huku Ngara, mpole, mrefu, akizungumza unasogea karibu umsikie. Alikuja kwetu kununua maharage, akanikuta gulioni nabishana na mwenye mizani. Alisimama, akacheka mpaka akasahau alichofuata. Basi posa ikaja, mahari ikamalizika, siku ikapangwa.

Siku hiyo haikufika. Tulifiwa na babu, harusi ikaahirishwa. Ikapangwa tena, mvua zikakata barabara na daraja likaenda na maji, ikaahirishwa tena. Ndipo ujumbe ukatoka Ngara, wa adabu sana lakini wa kukata maneno: ukoo ulikuwa umepika pombe ya ndizi mara mbili na mara mbili ikaharibika. Hii ya tatu ikiharibika, wazee watamtafutia Simeo mchumba wa karibu na kwao. Na padri wa kule alikuwa mmoja kwa vigango chungu nzima. Alisema atafungisha ndoa saa tisa alasiri, kisha anaondoka kwenda kigango kingine, na kurudi kwake hakukuwa kwa karibu.

Kwa hiyo, mwanangu, mle garini sikubeba maua tu. Nilikuwa nimembeba Simeo wangu mzima, na ningechelewa ningemkosa.

Sasa kuna jambo jingine ambalo ninyi vijana mnalicheka. Kwetu bibi harusi hasemi. Tangu anapotolewa mlangoni kwa baba yake mpaka apokelewe na mama mkwe, anainamisha uso na kufunga mdomo. Akicheka, hana haya. Akisema, ana mdomo mrefu na watu wataambiana. Kulia anaruhusiwa, tena akilia sana anasifiwa. Shangazi Verediana, dada yake baba, ndiye aliyepewa kazi ya kunisindikiza, na kazi hiyo aliishika kama askari wa mpakani. Asubuhi ile aliniinua kidevu akanitazama. "Reokadia," akasema, maana ulimi wake ulikuwa hauna urafiki na jina langu, "leo huo mdomo nitaukaria mimi mwenyewe."

Nikaitikia kwa kichwa. Mwili mzima ulikuwa unaniwasha kwa maneno, lakini nikaitikia kwa kichwa.

Haya, tuje kwa baba yako. Deo alikuwa dereva kijana, amehangaika miaka mpaka akapata gari lake mwenyewe, kagari kadogo ka abiria, na alikapenda kuliko chakula. Miaka ile huku kwetu kulijaa magari ya mashirika yaliyokuja kwa ajili ya wakimbizi. Magari makubwa, na taa zake unaziona yakiwa bado mlima wa pili. Na ule msitu wa kati ya Biharamulo na Ngara ulikuwa unaogopwa kwa majambazi, hakuna dereva aliyetaka kupita pale na taa za kubahatisha. Basi Deo moyo wake ukawa kwenye taa. Usiku akilala anaota taa.

Taa zilizokuja na gari lile zilikuwa za kioo kinene. Moja ilivunjwa na jiwe, nyingine ikavunjwa na ng'ombe wa jirani aliyekataa kupisha. Deo akanunua nyingine dukani, za plastiki, nyepesi kama sahani ya mtoto, zinang'aa vizuri ukizitazama. Kufikia hapo hakuna ubaya. Zingewaka na balbu zake za kawaida mpaka leo. Lakini harusi yangu ilipokaribia akasema dada yake hatakwenda Ngara na mwanga wa kibatari. Akaweka balbu za wati mia, karibu mara mbili ya zile za mwanzo. Waya zilezile, kasha lilelile la plastiki. Alipowasha jioni, migomba ya mwisho wa shamba ikawa myeupe yote, na majirani wakatoka kuuliza kuna nini. Deo alizunguka gari lile akicheka peke yake.

Balbu zake za zamani alizitupa kwenye jalala. Mimi nikaziokota. Usiniulize kwa nini, mimi si mtu wa kutupa kitu kizima. Nikazitia kwenye soksi, soksi nikaichomeka katikati ya mashuka kwenye sanduku langu la harusi, nikasahau.

Na sasa wanaingia wanawake. Unavijua vitambaa vya kufuma, vile vinavyokaa juu ya kochi, juu ya redio, juu ya kila kitu kisichoweza kukimbia? Shangazi Verediana na kina mama wa jumuiya walifuma miezi mingi kwa uzi wa nailoni, mweupe na waridi. Asubuhi ya harusi wakalivamia gari. Viti vikavikwa, dashibodi ikavikwa, boneti ikavikwa. Kikabaki kitambaa kikubwa cha duara, na kingine mwenzake. Shangazi akazitazama zile taa, akafikiri, akazivika na zenyewe, akakaza kwa mpira visipeperuke. Deo akawasha. Mwanga ukapita kwenye matundu ya ufumaji, ukutani kwa baba yakatokea maua, maua matupu! Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani hata kijiji cha Nyantakara walivisikia. Hata mimi niliyekatazwa kucheka nilicheka ndani ya shela.

Hakuna aliyefikiria jambo baya, na ndiyo maana nakusimulia. Taa zile hazikuharibiwa na mtu mwovu. Zilipendwa tu na watu wengi kwa wakati mmoja.

Tukaondoka. Sisi mbele na gari dogo, nyuma yetu lori la Mzee Rashidi, mfanyabiashara wa Biharamulo mjini ambaye wazee wake walitoka pwani. Alikuwa mtu wa baba tangu zamani, na lori alilitoa kama zawadi. Humo walipanda kwaya, ngoma, wajomba na sanduku langu. Na unajua desturi ya msafara wa harusi, taa kubwa zinawashwa mchana kweupe, honi haipumziki. Kwenye lami tulikimbia vizuri. Lakini kila penye maduka tulikwenda mwendo wa kobe ili watu waone. Lusahunga tulitambaa. Nyakahura tulitambaa zaidi, maana hapo kulikuwa na wakwe wa mtu fulani, wakaja kucheza mbele ya gari. Jua lilikuwa limesimama katikati, upepo hakuna, taa zinawaka nguvu zote ndani ya makasha ya plastiki, na juu yake zimevaa nailoni.

Tulipotoka Nyakahura ndipo nilipoisikia ile harufu.

Kwanza nilidhani ni watu wanachoma takataka. Tukaenda, takataka zikaachwa nyuma, harufu ikabaki nasi. Nikamfinya shangazi, naye akanifinya, kwa nguvu zaidi. Nikagusa pua yangu kumwonyesha. Akatoa leso akanipa. "Ria, mwanangu," akanong'ona, "ria, ni vizuri." Nikatikisa kichwa kwamba silii. Akanishika kichwa akakiinamisha chini. Deo huko mbele anaimba na kupiga honi, hasikii wala hanusi.

Nikajaribu kuvumilia, Mungu ananiona. Nikajiambia, wewe Leokadia, mara hii moja tu katika maisha yako, nyamaza. Wakwe wameshachoka na harusi hii. Ukiharibu, utarudi Runazi ukabishane na mizani mpaka uzeeke. Kisha nikainua jicho chini ya shela, nikaona uzi wa moshi unatoka pembeni mwa boneti, mwembamba, mweusi, unapanda juu ya kioo.

"Deo, simama! Gari linaungua!"

Wee! Sauti ile ilikuwa imekusanyika tangu asubuhi, ikatoka yote kwa pamoja. Deo alikanyaga breki mpaka shela ikanirukia puani. Na shangazi, badala ya kuuliza moto uko wapi, akashika kichwa kwa mikono miwili. "Yesu wangu! Bibi harusi amesema!"

Nilishuka kabla yake. Nilikunja gauni mkononi nikaenda mbele. Deo alikuwa tayari anakuja mbio na dumu la maji, na lori nalo limesimama, Mzee Rashidi anashuka huku kofia yake imekaa upande.

"Weka maji chini!" alimpigia kelele. "Zima taa kwanza! Toa waya wa betri!"

Deo akazima, akafungua boneti, akachomoa. Mzee Rashidi akachota mchanga wa barabarani kwa mikono yake akaumwagia pale palipokuwa pakifuka. Moshi ukafifia, ukakata. Tukabaki tunapumua. Kisha mzee yule akainama, akaitazama taa ya kushoto, akamtazama Deo.

"Shikamoo," Deo akasema. Hofu tu, maana walikuwa wameshaamkiana asubuhi.

"Marahaba ya pili hiyo. Wewe kijana, taa umeivika shela? Bibi harusi leo si ni mmoja tu?"

Watu wa kwaya walicheka, lakini hali ile haikuwa ya kuchekesha. Kitambaa cha shangazi kilikuwa kimeyeyuka kikagandamana na taa, hujui uzi unaishia wapi na plastiki inaanzia wapi. Uso wa taa ulikuwa umefura malengelenge kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Ndani, ile sahani inayong'aa ilikuwa imebabuka na kuwa ya kahawia, na pale nyuma balbu inaposhikiliwa palikuwa pamelainika, waya zimebambuka maganda yake zinagusana. Taa ya kulia ilikuwa na nafuu. Kitambaa chake kilikuwa kimeteleza kwa upepo wa njiani, kasha limegeuka manjano kwa juu, lakini zima.

Mzee Rashidi alimweka Deo kando ya gari akamwambia, nami nilisikia kila neno. "Mwanangu, balbu haitoi mwanga tu, inatoa na moto. Kasha hili limetengenezwa kwa moto mdogo. Wewe umeingiza jiko kabatini. Kisha shangazi yako akaja akafunga mlango wa kabati. Kisha tukatembea polepole ili hata upepo usiingie. Gari lilikuwa linakuonya tangu Lusahunga, lakini wewe ulikuwa unaimba."

Deo alikaa chini akalia. Baba yako, ndiyo, huyo mnayemwogopa.

Na muda ulikuwa unakwenda. Saa nane ilikuwa imeshapita, na mbele yetu milima ya Ngara ilikuwa imeanza kufunikwa na ukungu, ule wa kwetu unaoshuka ghafla hata mchana, usimwone mbuzi mpaka umguse. Wajomba wakakaa kikao papo hapo. Uamuzi ukatoka: bibi harusi apande lori, mbele, tuwahi. Gari libaki.

"Na Deo?" nikauliza.

"Abaki analinda."

"Hapa? Peke yake?"

Msitu ulikuwa unaanzia pale pale, na kila mmoja wetu alijua gari lililoachwa peke yake pale kipindi kile lilikuwa halikutwi. Na mwenye gari naye ni bahati kumkuta. Ile ya kulia nayo, ikiwashwa na balbu ileile ya wati mia, ingeungua kama mwenzake, na bila taa hata moja asingeweza kuingia kwenye ukungu, angegongwa na malori ya mpakani Rusumo yasimwone.

Shangazi alinishika mkono. Hakuwa na ukali tena, alikuwa anaogopa. "Panda, Reokadia. Nyamaza, upande. Umeshasema ya kutosha."

Hapo, mwanangu, ndipo nilipokumbuka soksi.

"Leteni sanduku langu," nikasema.

Laiti ungeona nyuso! Sanduku la bibi harusi halifunguliwi njiani. Linafunguliwa na mawifi, ndani, na wanahesabu mashuka na kusema maneno yao. Nikarudia, safari hii kwa sauti ya gulioni. Likashushwa. Nikapiga magoti barabarani na gauni langu jeupe, nikafungua, nikatupa shuka huku, foronya kule, kanga za mama mkwe kule, mpaka mkono wangu ukaishika. Soksi ya kijani yenye tundu kwenye kisigino. Nikaikung'uta kidogo, zikatoka balbu mbili.

Mzee Rashidi alizitazama, akanitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mashallah! Deo, umeona? Dada yako amekuja na mahari yake mwenyewe!"

Akaitoa ile ya wati mia kwenye taa ya kulia. Alipotaka kupokea ya zamani akanionya, "Kioo chake usikiguse kwa vidole. Mafuta ya mkono yanabaki, ikipata moto inapasuka." Nikaipangusa kwa ncha ya shela yangu, nikamkabidhi nikiwa nimeishikia kwenye shela hiyohiyo. Waya za kushoto akazikata, akazifunga kila moja peke yake, akazisogeza mbali. Deo akarudisha waya wa betri, akaenda kuwasha.

Ikawaka. Mwanga wa manjano, mdogo, wa kawaida kabisa. Mwanangu, nimeona taa nyingi tangu siku ile, hata zile za uwanja wa ndege nimeziona, lakini sijawahi kuona taa iliyonifurahisha kama ile.

Vitambaa vyote tukaving'oa, cha boneti na cha bampa, shangazi anahema kwa kila kimoja kana kwamba anang'olewa jino. Lori likatangulia, sisi tukafuata mkia wake. Tukaingia kwenye ukungu na gari letu chongo, jicho moja linaona. Deo hakuimba tena wala hakupiga honi. Aliendesha ameinamia usukani, na kila penye kona alikuwa ananiuliza, "Dada, unasikia harufu?" Nami nilijibu, "Sisikii, endelea." Shangazi hakunifinya hata mara moja.

Tulipofika kanisani padri alikuwa ameshika helmeti, amekalia pikipiki, ufunguo uko tayari. Simeo amesimama mbele ya ile pikipiki, mikono ameitanua, huyo mtu mpole! Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti, na siku ile nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anasema, "Padri, utanigonga kwanza!" Padri alilitazama gari letu linaingia na jicho lake moja, masizi mpaka kwenye kioo, nami nashuka na gauni lenye vumbi magotini. Akavua helmeti. Akasema, "Kama wamepita mlima ule hivi, mimi ni nani nisiwafungishe ndoa?" Tukafunga ndoa, mwanangu. Tukafunga, na kengele ikalia!

Lakini haikuwa imekwisha. Bado mama mkwe.

Habari zilitutangulia. Kwaya haikuumbwa kutunza siri. Tulipofika nyumbani kwao watu wote walikuwa wanajua kwamba bibi harusi amepiga kelele njiani na amefungua sanduku barabarani. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke mwembamba, mkavu, asiyetabasamu bure. Shangazi Verediana nilimsikia anasali nyuma yangu. Mama mkwe akanishika mkono, akaugeuza, akaona kiganja chote kimekuwa cheusi.

"Huu weusi ni wa nini?"

Sikujua nijibu au ninyamaze. Nilimtazama shangazi. Akafumba macho, kisha akaitikia kwa kichwa kidogo: sema.

"Ni masizi ya taa, Mama. Gari lilianza kuungua."

"Ikawaje?"

"Nikasema, Mama."

"Ulisema kwa sauti?"

"Kwa sauti kubwa sana, Mama."

Alipitisha kidole kwenye weusi ule. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "Nyumba yangu ya kwanza iliungua mchana, wageni wakiwa sebuleni. Binti mmoja alisikia harufu mapema, akaona haya kuwakatiza wakubwa wakizungumza. Tulitoka na kigoda kimoja." Akanivuta. "Ingia, binti yangu. Mtu wa kusema ndiye niliyekuwa namngoja."

Akapiga kigelegele cha kwanza yeye mwenyewe! Yule mama aliyekuwa hatabasamu! Ngoma zikapokea, pombe ya ndizi ikamiminwa, haikuharibika safari ile, ilinywewa mpaka ikaisha. Na unajua nani aliyecheza kuliko wote? Shangazi Verediana. Alizunguka uwanja mzima akiwaambia watu wa Ngara, "Huyo nimemrea mimi! Mdomo huo nimeufundisha mimi!" Sikumbishia. Siku ile nilikuwa na furaha ya kutosha watu wote.

Haya, chai yako inapoa, na jibu lako ndilo hili.

Taa hizi ulizoweka ni za siku hizi, umeniambia hazichomi kama balbu za zamani. Sawa, mbele hazichomi sana. Lakini nimepitisha mkono nyuma yake, mwanangu, palepale penye kile kifeni cha kuzipooza, nikautoa haraka. Moto wake umehamia nyuma. Na kile kifuniko cha mpira cha nyuma hukukirudisha kwa sababu taa ni ndefu, vumbi la barabara ya hapa litaingia lote mpaka kifeni kigome. Na makasha ni ya plastiki nyepesi ya dukani, kama yale ya baba yako. Usinionyeshe karatasi ya boksi. Muulize fundi kasha hilo linavumilia nini, umsikilize akikujibu usilopenda. Kisha washa taa, liache gari limesimama muda wa kunywa chai hii taratibu, halafu ushike kasha kwa mkono. Ukiona uso unaanza kuingia manjano, au unasikia hata kaharufu kadogo, rudisha taa zako za zamani bila aibu. Najua ulizitupa, nami nimeziokota. Ziko kwenye kabati langu, kwenye soksi.

Na ile neti ya waridi ambayo wasichana wamezifungia taa zako asubuhi, nimeikata mimi, na nitaikata tena wakiirudisha. Wapambe boneti, wapambe milango, wanipambe na mimi wakitaka. Taa waziache wazi zipumue.

Kitu ukikipenda, mwanangu, uliza kwanza kinaweza kubeba kiasi gani, ndipo ukiongezee. Iwe gari, iwe mke, iwe mtoto, iwe mwili wako mwenyewe. Na anayekwambia kuna harufu, hata kama ni mtu uliyezoea kumnyamazisha, zima kwanza, umuulize baadaye.

Kesho shangazi wa kumsindikiza bibi harusi ni dada yake Simeo, nimeshazungumza naye. Adela naye nimemwambia ainamishe uso kama desturi inavyotaka, alie akipenda, lakini pua yake asiifunge. Mungu akuongoze barabara yote, mikono yako iwe mitulivu kwenye usukani, ukungu ukupishe, na wote mnaoondoka hapa kwangu mfike mkiwa wazima na mnacheka. Na binti yangu akikwambia simama, Medadi, usimwambie bibi harusi hasemi. Simama.